Mashine Haina Mkwe

Mninga ukiunguzwa kidogo na chuma kinachozunguka hutoa harufu ya utamu na moshi kwa pamoja, na harufu hiyo inakaa kooni mpaka unywe maji. Sizungumzii mninga wa jikoni. Nani achome mninga jikoni, labda awe amerukwa na akili. Nazungumzia ile harufu inayotoka pale mashine ya kuviringisha kingo inapokawia kwenye kona ya ubao kuliko inavyotakiwa. Niliijua katikati ya miaka ya sabini, kiangazi kimoja cha baridi kali huku kwetu Kasulu, nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo ninaiweka pamoja na harufu za furaha: ya mawese yakichemka, ya nguo zilizoshinda juani, ya mgebuka mkavu ukitiwa kwenye mchuzi. Wengine wakiipata hukunja pua na kusema fundi kaharibu kazi. Ni kweli, fundi kaharibu kazi. Mimi huchekea moyoni.

Baba yangu alikuwa seremala. Banda lake la kazi lilikuwa nyuma ya nyumba, paa la nyasi, upande mmoja wazi kuelekea migombani, na chini maranda yamejaa hadi vifundo vya miguu, tunayazoa kila Jumamosi kwa ajili ya kuwashia moto. Alikuwa na randa, misumeno, patasi, na vipande vya chupa alivyovitumia kukwangulia mbao. Lakini kilichomtofautisha na maseremala wengine wa mji ule ni kingo. Baba hakuwahi kutoa meza yenye ukingo mkali. Akishamaliza kuunganisha, ndipo kwake kazi inaanza: anaondoa kona kwa randa, anakwangua kwa chupa, anapiga msasa, na baada ya kila hatua anafumba macho na kupapasa. Kwanza kwa kiganja, halafu kwa ndani ya kifundo cha mkono, mwisho kabisa anainama na kupitisha shavu lake juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayesikiliza. Alisema kiganja cha seremala kimeshakufa ganzi, ila shavu bado lina akili. Wateja walimcheka, kisha wakarudi na ndugu zao kuagiza meza nyingine.

Mwaka huo Bibi, mama yake mama yangu, aliteleza kwenye njia ya kisimani kwao Kibondo akaumia nyonga. Alikaa hospitali, akatoka akiwa anatembea kwa fimbo, na kwa kuwa mke wa Mjomba alikuwa amejifungua na mikono imemjaa, Mama akaomba aletwe kwetu. Basi hapo ndipo pakawa na kazi. Maana kwetu Waha wakati ule mama mkwe na mkwe wa kiume walikuwa wakiheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani. Watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walitushangaa, na hata baadhi ya watu wetu walikuwa wameanza kulegeza. Bibi hakulegeza. Na Baba, mbishi yule, aliyeweza kubishana na balozi wa nyumba kumi mpaka balozi akasahau alichojia, kwa jambo hilo alikuwa mpole kabisa.

Tulimpa Bibi chumba cha nyuma kilichokuwa ghala la mahindi, chenye mlango wake wa nje na dirisha dogo la kutazama banda la Baba. Baba akawa haingii uani bila kukohoa. Alikohoa asubuhi, alikohoa mchana, alikohoa akienda chooni, mpaka jirani akamletea Mama majani ya kumchemshia. Bibi naye akisikia kikohozi tu, anavuta kanga usoni na kugeukia ukuta. Na maneno yao yote yalipita kwangu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilikuwa na mdomo mwepesi, na kwa Bibi nilikuwa na ruhusa zote, maana bibi na mjukuu ni watani. Aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, mwambie baba yako asante kwa kuni." "Yusta, mwambie Bibi kuni ni zake." Wako hatua chache tu, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, lakini mpaka nirudie, ndipo anajibu.

Shida ilikuwa kulala. Bibi alilala chini, kwenye mkeka juu ya nyasi kavu, kama alivyolala maisha yake yote. Daktari alikuwa ameonya: huyu mama asilale chini tena, alale juu ya kitanda na ainuke mwenyewe kila siku, mguu upate kufanya kazi, akizoea kuinuliwa utakauka. Sisi tulikuwa tunamwinua. Kila asubuhi Mama anamshika kwapani, mimi nasukuma mgongoni, na Bibi, mwanamke aliyelima ekari za maharage peke yake, anauma midomo asilie mbele yetu. Mjomba alipopata habari akatuma salamu kwa dereva wa lori: mama yetu hawezi kukaa kwa mkwe akiinuliwa kama gunia, ni aibu, maharage yakishavunwa, kama hajaweza kuinuka, nakuja kumchukua. Barabara ya Kasulu hadi Kibondo wakati ule ilikuwa ya kuvunja mgongo wa mtu mzima wa afya. Daktari alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Mama aliacha kula vizuri. Nami nililia, maana tangu Bibi aje nilikuwa na mtu wa kunisikiliza nyumba nzima, na sikutaka aende popote.

Baba akachukua ngazi. Akatoa mbao za mninga alizokuwa amezitunza darini kwa ajili ya kabati letu, akaanza kitanda. Tulimwona akiranda matendegu, yaani miguu ya kitanda, na mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni ambazo mtu hukalia akitaka kuamka. Mifumbati ile aliifanyia kazi kuliko meza yoyote niliyowahi kumwona akiitengeneza. Alikwangua, akapapasa, akapiga msasa, akapapasa, akaweka shavu. Kilipokamilika kiling'aa kama kimepakwa mafuta. Mama akakiingiza chumbani akisaidiwa na majirani, akatandika, akamwita Bibi. Bibi akakizunguka kwa fimbo yake, akakitazama juu na chini.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mwambie baba yako kitanda ni kizuri sana. Sijapata kuona kitanda kama hiki. Mimi silali humo."

"Mama!" Mama yangu akashtuka. "Kwa nini tena?"

"Kwa nini? Mimi nina macho. Dirisha hili linatazama wapi? Nimemwona mkwe wangu akikipapasa kitanda hiki kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Kukishika ni kazi yake, simlaumu, ubao hauwezi kujibeba. Lakini kupapasa! Tena kwa shavu! Nimemwona kwa macho yangu mawili ameweka shavu lake hapa," akagonga mfumbati kwa fimbo, "mahali ambapo mimi nitaweka mapaja yangu. Hapana. Nitafia kwenye mkeka nikiwa na heshima yangu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia hapo hapo, kicheko na machozi vikachanganyika. Nilipopeleka ujumbe bandani, Baba alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha mkono shavuni kana kwamba anaangalia kama bado liko, masikio yakamwiva. "Ana haki," akasema. "Kwa kweli ana haki. Sikufikiri." Kitanda kile tukarithi sisi watoto, na nakwambia hakuna watoto waliolala kifahari Kasulu nzima kama sisi.

Mama akaazima kitanda cha jirani, kazi ya fundi mwingine wa sokoni. Huyo kingo zake ni za msumeno tu, kona kali nne. Bibi alijaribu kuinuka kwa kukamata ubao, ukamkata kiganja. Akikaa kuupumzisha mguu, kona inambana chini ya paja mpaka ngozi ikawa nyeusi. Siku chache tu akarudi mkekani, na safari hii akasema acheni, mwanangu aje anichukue. Maharage shambani yalikuwa yameshaanza kukauka majani.

Ndipo Mama akapata wazo, na kama kuna siku nilimwona mama yangu kuwa na akili kuliko watu wote, ni siku hiyo. Alikuwa anapepeta mchele, akasimama ghafla na ungo mkononi, akaenda mpaka mlangoni kwa Bibi. "Mama, hebu niambie. Kama ukingo wa kitanda ukiviringishwa na mashine, bila mtu kuupapasa, utalala?" Pale misheni, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka kwetu, palikuwa na karakana yenye jenereta, na ndani yake kuna mashine ya mkono ya kuviringisha kingo. Baba alijifunzia kazi pale akiwa kijana. Bibi akafikiri. Akauliza mashine inafanyaje. Mama akaeleza: fundi anashika vishikio vya mashine, si ubao, kisu chake kinazunguka na kukata ukingo ukawa mviringo sawasawa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hakuna haja ya kupapasa na kukagua. Bibi akauliza, "Na mashine yenyewe?" Mama akajibu, "Mashine haina mkwe, mama." Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Akatoa hukumu: mashine iviringishe, na kama kuna msasa wa kumalizia, apige Yusta. Mke mwenza anaruhusiwa kupapasa anavyotaka.

Baba alifurahi kuliko alivyotaka tuone. Lakini alikuwa na swali: mviringo wa kiasi gani? Mkono wake yeye angeupima kwa kupapasa. Mkono wa mama mkwe hawezi hata kuutazama. Akanituma nikamuulize Bibi anashika vipi. Bibi akajibu, "Mimi mkono wangu unajua mpini wa jembe tu." Jibu hilo halikumtosha Baba, mipini haifanani. Basi mimi, bila kutumwa na mtu, siku hiyo wakati wa chakula nikampa Bibi tonge kubwa la ugali wa muhogo, ule wetu mgumu unaokaa ulivyouacha, nikamwambia, "Bibi, shika kama unashika kitanda unataka kuamka." Akashika, akakaza. Nikalichukua tonge lenye alama za vidole nikalifunika kwa bakuli na kulipeleka bandani.

"Nini hiki?" Baba akauliza.

"Mkono wa Bibi."

Alirudi nyuma akajigonga kwenye benchi la kazi. Nakumbuka alitazama huku na huku kama mtu aliyeletewa kitu cha wizi. Alizunguka lile bakuli muda mrefu, akalifunua, akalifunika, akalifunua tena, akaanza kulitazama kwa pembeni, na mwisho ufundi ukamshinda, akainama kabisa. Hakuligusa. Alipima kwa kijiti. Halafu akaniuliza polepole, "Kidole chake cha mwisho hakikunjiki?" Nikamwambia ndiyo, kilivunjwa na mchi zamani, kimesimama. Kwenye ugali kulikuwa na mashimo matatu ya vidole, ya ndani sana, na alama ya kingine kilichogusa tu. "Miaka yote hii sikujua," Baba akasema. "Anashika kwa vitatu." Kisha akaniambia nikamrudishie Bibi ugali wake, asije akakosa chakula kwa ajili yake. Niliula mwenyewe njiani.

Tulikwenda misheni na mbao mbili za mwisho za mninga zilizobaki darini, Baba amezibeba begani, mimi nimebeba msasa na viazi vya kuchemsha. Matendegu na vitakizo, zile mbao fupi za kichwani na miguuni, alikuwa ameshavitayarisha nyumbani huku Bibi akimlinda kutoka dirishani, na naapa alifanya kazi ile yote bila kupapasa hata mara moja, mikono ikimwasha. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mzee Elia, aliyemfundisha Baba kazi, mtu wa mzaha mwingi. Aliposikia kisa chote aliwaita vijana wake waache kazi waje wasikie nao. "Kwa hiyo leo tumeletewa fundi asiyegusa mbao! Haya, mfungeni mikono!"

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiota. Tumbo la chuma la duara, vishikio viwili pembeni, na chini kimetokeza kisu chenye upinde uliolika ndani, na kwenye ncha ya kisu kigurudumu kidogo cha kutembea ubavuni mwa ubao ili kisu kisizame kupita kiasi. Jenereta lilipowashwa na mashine ikafunguliwa, ilipiga kelele kali mpaka nikaziba masikio. Mzee Elia akamkumbusha Baba kwa kupaza sauti: isukume kinyume na inavyozunguka, ukiifuata itakutoroka. Anza na vichwa vya ubao ndipo upige urefu, maana kwenye kichwa nyuzi hupasuka, na ule urefu ndio utakaofuta mpasuko. Usikate yote mara moja, kata kidogo, rudia. Na usisimame! Ukisimama inaunguza. Baba akashika vishikio, akapanua miguu, akaanza kutembea nayo, na pale ambapo kona kali ilikuwa ikiniumiza hata kuitazama, ukingo ukatokea nyuma ya mashine umeviringika, laini, na unga mwekundu wa mninga ukiruka na kututia vumbi nyuso zote. Alipiga upande wa juu, ubao ukageuzwa, akapiga upande wa chini, na miviringo miwili ikakutana katikati ukawa mmoja, kama mpini. Nilipiga makofi.

Lakini mkono wa Baba haukuwa umezoea kunyimwa. Kila alipoizima mashine ulinyooka wenyewe kuelekea ukingo, nami nikawa napiga kelele, "Baba!" na yeye anaurudisha mfukoni. Vijana walicheka mpaka wakashika matumbo. Mfumbati wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili, alipofika mwisho, alikawia kwenye kona, sijui aliwaza nini, na moshi ukatoka, ndiyo ile harufu ninayoisema, na ukingo ukabaki na doa jeusi. Baba akazima mashine, akasema "Ala!", na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshainama na kupapasa doa lile kwa kiganja, kwa kifundo, na kwa shavu.

Baba akanyanyuka taratibu, shavu limejaa vumbi jekundu.

"Doa lenyewe si kubwa," Mzee Elia akasema. "Litatoka kwa msasa. Na hilo lingine, nani ataona? Dirisha la mama mkwe wako halifiki huku."

Baba akanitazama, akaonyesha kwa kidevu. "Huyu? Huyu atamwambia kabla hatujafika mlangoni."

Walicheka, nami nilikasirika kidogo, japokuwa ilikuwa kweli kabisa. Baba alicheka nao, halafu akauegemeza ule mfumbati ukutani na kuuliza kama karakana ina ubao mwingine wa mninga wa urefu ule. Haukuwapo. Ilibidi turudi nyumbani bila kumaliza, na dereva wa lori alikuwa ameshaleta habari kwamba Mjomba anakuja wiki hiyo. Kilichofuata sikukiona, nilikuwa shuleni, nilihadithiwa na Mama: Baba aliingia sebuleni, akaliondoa benchi refu la kukalia, la mninga, alilomtengenezea Mama walipooana, akamwomba Mama ruhusa ya kulibomoa. Mama akamwambia, "Baba Yusta, ningekuwa na nguvu ningelibomoa mimi." Ubao wa benchi hilo, kingo zake za zamani zimekatwa kwa msumeno na uso umerandwa upya, ndio uliokwenda misheni, na safari hii alisukuma mashine bila kusimama hata chembe, na mara alipomaliza akaificha mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mahali pa kichwani, pale ambapo Bibi angekamata, alipitisha kisu mara moja zaidi ili paingie vidole vitatu.

Msasa niliupiga mimi, nyumbani, barazani kwa Bibi, yeye akinisimamia. Baba alikaa bandani ametupa mgongo na kuelekeza kwa sauti: "Yusta, ukifika kwenye pindo usikaze." "Yusta, fumba macho." Nilifumba macho na kupapasa, na nilipoweka shavu langu kwenye mninga ule, mbichi wa harufu na laini kuliko nilivyotarajia, nikaelewa kwa nini ilikuwa shida kwake kujizuia. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile. Nadhani sijajiona mkubwa hivyo tena, hata nilipopata cheo kazini.

Mjomba alifika kesho yake na lori, amepigwa na vumbi lote la Kibondo, na godoro la kumlaza mama yake nyuma ya lori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwana anayeona haya. Alisalimia, "Mwakeye," akanywa uji, akaenda moja kwa moja chumbani kumwambia mama yake ajiandae. Bibi alikuwa bado amelala kwenye kitanda kipya, baada ya usiku wake wa kwanza humo. Mama akamshika Mjomba mkono wa shati asisogee kumsaidia. Sote tulisimama mlangoni. Bibi akageuka kiubavu, akatafuta ukingo, vidole vitatu vikaingia mahali pake, kile cha nne kikasimama kama kawaida yake. Akavuta. Uso ulimkunjamana na mimi nikauma kanga ya Mama. Miguu ikashuka, mapaja yakakaa juu ya mviringo, akapumzika hapo, akapumua, kisha akasukuma kwa kiganja na kusimama. Peke yake. Alisimama katikati ya chumba akitutazama mmoja mmoja.

"Rudi kwako," akamwambia Mjomba, "msalimie mkeo, na mtoto. Godoro hilo niachie, ni zuri."

Halafu akatoka nje bila fimbo, ameshika ukuta. Baba alikuwa bandani, mgongo umetugeukia, anajifanya anatafuta kitu kwenye maranda. Bibi akavuta kanga usoni, akageukia migombani, na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani akauambia mgomba uliokuwa karibu naye: "Wewe mgomba, mimi leo nimeamka mwenyewe. Aliyefanya hivyo Mungu ampe uzima." Mimi nikafungua mdomo nirudie kama desturi, Mama akaniziba kwa mkono. Kisha tukamsikia Baba akiuambia ubao wake, "Wewe ubao, mwambie mama amekaribishwa. Hapa ni kwake." Mjomba alijifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Bibi alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, mpaka mimi nikiwa sekondari, na kila siku aliamka mwenyewe. Mguu ulirudi kiasi cha kwenda kisimani kugombana na wanawake wenzake. Hawakuacha kukwepana, yeye na Baba, wala hakuna aliyewaomba waache. Zawadi zilipita, salamu zilipita, hata ugomvi mmoja mkali kuhusu mbuzi ulipita, na vyote vilipitia kwangu, kwa mgomba na kwa mbao.

Siku hizi nami ni mama mkwe. Mwaka juzi mkwe wangu aliniletea kitanda kutoka mjini, kimetengenezwa kiwandani, kingo zote zimeviringishwa kwa mashine kubwa inayojiendesha yenyewe. Wanaiita ruta, na kijana aliyekileta aliniambia inamaliza kitanda kizima kabla chai haijapoa. Ni kitanda kizuri, nakilalia, mgongo hauumi. Mkwe wangu huyo ni kijana mwema mno. Akija ananikumbatia, ananiita mama yangu, anakaa jikoni kwangu anamenya vitunguu na kunichekesha, na mimi namkumbatia vilevile, kwa sababu nampenda na kwa sababu Bibi hayupo wa kutuona. Sitamani turudi kwenye kukohoa na kujificha migombani. Angekuwa mkwe wa kukwepwa ningekosa mengi. Ila nikiwa peke yangu asubuhi, nikitafuta ukingo ili niinuke, huwa nawaza kwamba kijana huyu ameshanishika mikono mara nyingi mno, na hajui ni kidole gani kinaniuma. Baba hakumshika Bibi mkono hata siku moja.